Mama wa Leso ya Kijani Asiyekaa

Mtu akisema niliota, namwacha tu. Lakini sikuwa nimelala. Jua lilikuwa bado kwenye milima, na mkononi nilishika kikombe cha uji.

Mama yangu alianguka shambani kwetu Mwanda akikata majani ya ng'ombe. Nyonga ikavunjika, akapasuliwa hospitali huko Voi. Baada ya hapo alilala chali, kimya, nami nikashukuru. Si mgonjwa anatakiwa kupumzika?

Basi mama mmoja mgeni akaja kando ya kitanda, amejifunga leso ya kijani. Nikamsogezea kiti.

"Siwezi kukaa, Mwakio," akasema. "Mgeuze mama yako."

Mimi si Mwakio. Lakini nina haya, sijui kumsahihisha mtu mzima.

"Amelala vizuri, mama. Tumwache."

"Wewe nawe! Chapati ukiiacha upande mmoja, si inaungua?"

Alicheka kidogo, halafu uso ukabadilika. Akamshika mama yangu nyonga, mimi nikamshika bega. Niamini, mikono yake ilikuwa baridi kama sakafu. Tukamlaza mama kwa ubavu, mto katikati ya miguu, visigino visiguse godoro. Juu ya makalio ngozi ilikuwa imeiva, ina joto.

"Usipasugue. Nyoosha shuka. Baadaye umgeuze tena, na tena." Akanitazama. "Mwakio, mbona ulichelewa?"

Nilinyamaza. Alipogeuka kuondoka, niliona leso yake imelowa nyuma, kwenye makalio.

Sista alipokuja, aliuliza nani amenifundisha. Nikamweleza. Akaweka trei chini polepole.

"Alilala kitanda hiki," akasema. "Aliletwa kutoka nyumbani, kidonda cha kulala chali kimeshafika mfupani. Walikuwa wanamwacha apumzike. Kutwa alimwita mwanawe, Mwakio. Kijana alifika tumeshamfunika."

Leo mama yangu anatembea na fimbo, na ngozi yake haikupasuka. Lakini mimi nikiona shuka imekunjika, hata ya kitanda changu, lazima niinyooshe, na machozi yananitoka. Yule mama alimtunza mama yangu jinsi ambavyo yeye mwenyewe hakutunzwa na mtu.

Kwa hivyo, wewe mwenye mgonjwa asiyeweza kujigeuza, usidanganywe na ukimya wake. Mgeuze. Na siku mama wa leso ya kijani akija akikuita Mwakio, tafadhali usinyamaze. Itika. Mwambie umefika.