Salamu ya Mama Mkwe

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka kwenye maboti kila kukicha, mimi nilikuwa nesi wa usingizi hapa Kigoma, na mdomo wangu, jamani, haujui kupumzika. Ndiyo maana utafiti wa daktari wetu ulinitesa. Alitaka kujua mgonjwa aliyetoka kupasuliwa anapumuaje dawa ya usingizi ikiwa bado mwilini. Sharti: tuhesabu pumzi, tusome kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na mtu asimsemeshe mgonjwa, maana ukimsemesha anavuta pumzi ili akujibu. Alinitania kwamba kunilaza kwa dawa ni rahisi kuliko kuninyamazisha.

Mchana mmoja tulimtoa chumba cha upasuaji mama kijana wa Kirundi, kajifungua kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, analia mpaka mtaa wa Gungu wanamsikia! Mama ndiye aliyekuwa hoi. Mlangoni alisimama mama mkwe wake. Mwanawe wa pekee, mume wa mgonjwa, alimzika kwao kabla ya kukimbia. Mkwe huyu na kichanga ndio jamaa waliombakia. Nilimwingiza, nikaweka kidole mdomoni: kimya, bibi.

Pumzi za mgonjwa zikaanza kuachana mbalimbali. Kipimo kikashuka. Nikaongeza oksijeni, nikamwinua mgonjwa kidevu, nikamwita daktari huku mkono ukitafuta pampu ya kupumulia. Bibi akauona uso wangu, akasahau sharti. Akapiga makofi taratibu, vile sisi Waha na wenzetu Warundi tunavyosalimu, akasema, "Amahoro, mwana wanje," yaani amani, mwanangu.

Sasa, mkwe aliyelelewa akaleleka haachi salamu ya mama mkwe ipite bure, hata awe usingizini. Kifua kikapanda. "Amahoro, mama."

"Daktari, vipimo vimeharibika," nikasema.

"Viharibike! Bibi, msalimie tena."

Akamsalimia tena, na tena. Kila salamu, pumzi. Alisalimu mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye kipimo kikapanda, kikatulia, na bibi akaketi ukingoni mwa kitanda, kachoka, hana salamu tena.

Mkwe akafumbua macho. Akauliza kwa Kirundi, nami nikaelewa, maana Kiha na Kirundi ni ndugu: "Mama, mbona umenyamaza?"

Bibi akajifunika kanga usoni. Mimi nililia waziwazi, wala sioni haya kusema, na pampu yangu bado mkononi.