Shangazi Mnusa Chupa

...na mfuko pia anataka! Amekuja mikono mitupu kama mwalikwa wa harusi, anataka mafuta ya kula, anataka sabuni ya maji, anataka maharage, halafu anasimama hapo kaunta na visikilizio masikioni anauliza tena, "Kwani kweli hamna mifuko?"

"Mara ya tatu nakwambia hatuna," Pilipili akasema.

"Na chupa je?"

"Chupa iko kwenu. Jana umekunywa soda, chupa umeipeleka wapi?"

"Dada, nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa."

"Basi nenda huko wanakofunga plastiki ndani ya plastiki. Siku moja watakufunga na wewe."

Kijana akaenda zake anacheka. Pilipili akabaki mkono kiunoni, faneli mkononi, tone la mafuta linamdondokea kwenye kidole cha mguu. Jina hilo la Pilipili hakupewa na wazazi wake. Amelitafuta kwa mdomo wake mwenyewe.

Pembeni, dereva wa lori la duka la jumla alikuwa anasubiri sahihi. "Wewe utawamaliza wateja," akasema. "Sikiliza basi. Bosi kasema kuanzia mwezi ujao, duka lisiloshusha mapipa matatu lori halipiti tena. Wewe unashusha moja, tena kwa kusuasua. Chukua vipaketi kama wenzako. Mtu anachana, anamimina, anatupa, yameisha."

"Anatupa wapi?"

"Mimi ni dereva, sio mtaro."

"Jumamosi nitakujibu," Pilipili akasema, maana angejibu palepale angemtukana mtu ambaye hana kosa.

Duka lilikuwa la shangazi yake, dada wa baba yake. Chumba kimoja, mapipa ukutani, magunia ya nafaka, na kaunta ya mbao iliyobonyea katikati pale watu walipoegemeza viwiko miaka na miaka. Hakuna kilichokuja kimefungwa. Kila kitu kilipimwa, na chombo ulikuja nacho mwenyewe. Zamani, jamani, wanafunzi wakiachiwa mchana, ungesikia kwanza chupa zinagongana ndani ya vikapu, kling kling, kutoka kona ya kule, kabla hujaona mtu. Pilipili alikuwa na miaka kumi, anakaa juu ya gunia la mchele, anakula karoti mbichi, na anatambua nani anakuja kwa mlio wa kikapu tu.

Na Shangazi alikuwa na pua. Hakujaza chupa ya mtu kabla hajainusa. Anafungua kifuniko, anafumba macho, anavuta hewa kama daktari anayesikiliza kifua. Mke wa seremala alikuwa mteja wake wa kila wiki, na kila wiki walikosana.

"Hii ilikaa mafuta ya taa."

"Aa, shangazi, nimeiosha mara mbili!"

"Ioshe hata mara kumi, sijazi. Unataka watoto wale taa? Wawake?"

Foleni nzima inaangua kicheko, na mke wa seremala anarudi kwake amenuna, analeta nyingine. Mwaka wa pili akawa yeye ndiye anayewafokea wengine kwenye foleni.

Alijua nyumba za watu kupitia chupa zao. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa na presha, kaambiwa na daktari apunguze mafuta, lakini mkewe alikuwa analeta chupa kila baada ya siku nne. Shangazi akaitazama chupa, akamtazama mama wa watu. "Hii nimeijaza juzi. Mnapika au mnaogea?" Akaijaza nusu. Mama akapiga kelele kwamba yeye ni mteja, sio mgonjwa. "Wewe sio mgonjwa," Shangazi akamjibu, "ila mumeo juzi kapanda kizingiti hiki kimoja akawa anahema kama pampu ya baiskeli. Chukua nusu, na hapa pimisha maharage, yanashibisha." Duka gani siku hizi litakuuzia nusu ya ulichotaka? Hakuna! Siku hizi wanakupa mbili kwa bei ya moja, ukafe nazo kwako.

Sasa, utaratibu mkubwa wa duka ulikuwa uzi. Chupa ya sabuni ilifungwa uzi mwekundu shingoni. Chupa ya chakula haikufungwa kitu. Watu wengi waliacha chupa zao pale asubuhi, wakazichukua wakitoka kazini, zimejaa, zimepangwa kaunta kama wanafunzi mstarini. Uzi ndio uliosema ipi ni ipi, maana sabuni ya siku zile ilikuwa ya njano, imefanana na mafuta kama pacha.

Pilipili akiwa na miaka kumi na miwili, jioni moja Shangazi akatoka kwa kama saa moja hivi, akamwachia duka. Mtoto akaona chupa hazifanani, nyingine zina uzi, nyingine hazina. Akaona aibu. Akachukua kibunda cha uzi akazifunga zote! Kila moja, na kifundo cha kipepeo juu. Akasimama mbali akajisifu. Watu wakapita, wakachukua, wakampongeza kwa kupamba.

Haikupita saa, fundi viatu akaingia na kikaango mkononi. Povu limefurika hadi kwenye mpini.

"Shangazi, mayai yangu yanaoga!"

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Shangazi hakucheka. Alikuwa amerudi muda huohuo. Akaangalia chupa zilizobaki, akaangalia vipepeo, akaangalia mtoto wa kaka yake aliyekuwa anatafuta gunia la kujificha. Hakumpiga. Kofi lingekuwa rahisi zaidi. Alibeba ndoo mbili, akampa Pilipili kidumu cha mafuta mapya, wakafunga duka, wakaenda nyumba hadi nyumba. Kila mlango Shangazi alisema, "Nimekosea, naomba chupa." Nimekosea, sio "huyu mtoto kakosea." Ananusa, sabuni kwenye ndoo hii, mafuta kwenye ile, kisha anajaza upya. Kabla ya kumkabidhi mwenyewe, anadondoshea tone kiganjani, analilamba mbele yake. Nyumba kumi na tisa. Kufikia ya kumi na tisa midomo yake ilikuwa inang'aa, na Pilipili alikuwa amelia mpaka machozi yamegoma.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu kuliko jana.

Sasa miguu ya Shangazi imekataa. Yuko chumba cha nyuma, pazia tu limemtenganisha na duka, anasikiliza. Kila jioni anauliza, "Leo wamekuja wangapi?" Na Pilipili, mdomo wote huo, anasema uongo: "Wengi, shangazi. Wamejaa." Ili uongo usimame, mchana anachukua chupa, anaijaza kwenye pipa, glu glu glu, anairudisha, anaijaza tena, apate kusikika. Anafanya hivyo tangu mvua zilipoanza.

Ijumaa ile akawa anamimina, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Weka chini hiyo chupa."

"Nahudumia mteja, shangazi."

"Mteja gani hasalimii? Ni chupa ileile, umeijaza mara nne. Unadhani na masikio yamekufa?"

Pilipili akainua pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamweleza yote: lori, mapipa matatu, vipaketi.

"Chukua hivyo vipaketi, mwanangu. Mimi nilikuwa na foleni. Wewe huna. Sitaki ufe na pipa langu."

Ndiyo maneno aliyokuwa anayataka Pilipili wiki nzima, ruhusa. Na yalipokuja yakamkera kuliko kitu chochote maishani.

Jumamosi dereva akafika na karatasi yake. Pilipili akaandika, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Matatu?" dereva akasema. "Una akili timamu?"

"Shusha."

Nyuma ya pazia: "Umeandika mangapi?"

"Matatu."

Kisha Shangazi akasema, "Kichwa chako kibovu." Na baada ya kidogo, "Yasogezeni mbali na jua."

Mapipa yamekaa pale sasa, yamejaa hadi shingoni, na mwezi hauongezi siku kwa ajili ya mtu. Maduka kama hilo yako mengi, na yote yanasubiri kufungwa. Kwa hiyo wewe unayesoma, acha kusikitika, kusikitika hakumalizi pipa. Inuka. Fungua kabati la chini ya sinki, toa hizo chupa ulizorundika, zisuuze, zikaushe, zipeleke kwa anayepima mtaani kwenu. Kama hayupo, msumbue mwenye duka mpaka alete pipa. Leo. Usiniambie kesho.