Nuru Iliyopita Kwenye Tundu la Gunia

Niliacha shule darasa la sita, mwaka tulipozika wazazi wote wawili, nikaenda kufyatua matofali kando ya mto Oli. Wadogo zangu watatu walikula kutokana na tope lile. Anayenifuata, msichana, alikuwa na kichwa chepesi, na yeye nilimwacha aendelee hadi sekondari ya bweni. Nilimpa sharti moja tu: kila likizo, jioni nikishanawa, akae nami barazani anifundishe alichofundishwa. Hiyo ndiyo shule niliyobaki nayo, na niliilinda kama mtama wakati wa ndege.

Likizo moja ndefu, katikati ya miaka ya sabini, alirudi kwetu Arua na chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Mwalimu wao alitaka kila mmoja akuze bakteria wa zambarau na kurudi nao shuleni, kwa alama. Alihitaji tope linalonuka. Kuhusu tope sikuwa na mshindani. Nilimpeleka kwenye shimo la zamani la udongo, maji yalikotuama tangu mvua, ambako ukichota chini hupanda harufu ya yai bovu. Akalichanganya na vipande vya gazeti na yai bichi, yai ambalo wadogo wangelila, akajaza chupa, akamimina maji juu na kuiweka dirishani.

Jioni ile ningepata somo langu, lakini jirani yetu akapita. Alikuwa Msudani, mkimbizi aliyebaki wakati wenzake waliporudi kwao baada ya amani. Aliuza chumvi na sabuni sokoni, na alikuwa amemaliza sekondari. Akaiona chupa, akauliza kitu kwa Kiingereza. Mdogo wangu akamjibu, uso umemng'aa. Waliongea mpaka chai yangu ikapoa. Nilipouliza wanasema nini, akasema, "Mambo ya nuru, kaka. Iko marefu. Nitakuambia kesho."

Kesho yake jirani akarudi. Na kesho kutwa. Alikuwa mtu wa heshima, ana mke, sikuogopa hilo. Kilichonichoma ni kwamba aliuliza maswali ambayo mimi sikujua hata kama yapo.

Wiki ya pili mama mdogo alijifungua kule Koboko, na mdogo wangu akaitwa kumsaidia. Aliniachia chupa. Aliniambia ikae juani, isiguswe. Kisha akasimama uani na jirani, akimweleza kwa nini. Mimi nilipewa amri, yeye akapewa sababu.

Asubuhi alipopanda lori, nilichukua gunia zito la tumbaku nikaivika chupa na kuifunga kamba. Wadogo niliwaambia ni kuikinga na joto. Jirani alipouliza, nilimjibu kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Hakuuliza tena. Kila jioni nikitoka tanurini nilitazama lile gunia na kupata nafuu kidogo, kama mtu anayekuna upele.

Siku mbili kabla ya mdogo wangu kurudi nikalivua. Kutoka ndani ya chumba niliona tope jeusi tupu, nikalitupa gunia jikoni. Sikuigeuza chupa.

Aliporudi, yeye aliigeuza. Upande uliotazama jua palikuwa na doa la zambarau, zito kama maji ya rozela, lenye umbo la sikio. Kwingine kote hapakuwa na kitu. Alilitazama, akaenda jikoni, akarudi na gunia. Lilikuwa na tundu lililochomwa na kaa la tanuri. Akaliweka juu ya doa. Tundu likalingana nalo sawasawa.

"Gunia ilikaa hapa siku ngapi, kaka?"

Nilisema tangu alipoondoka.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha habari ya joto. Haikutoka. "Yule mutu unamfundisha," nilisema. "Mimi unaniagiza tu."

Akaibeba chupa hadi barazani na kunionyesha mahali pa kukaa. Alisema majani hunyakua nuru nyingi iliyo juu ya maji. Hawa bakteria wanaishi chini, penye uvundo, na wanaipata ile inayobaki, hata nuru ambayo macho yetu hayaioni. Hawatoi hewa safi kama majani. Gesi ya yai bovu wanaitumia wao. Rangi zao nyingi zinaikamata nuru na kuipitisha moja hadi nyingine, mpaka ifike mahali pamoja inapogeuzwa kuwa nguvu.

"Kama tunavyorushiana matofali," nilisema, "kutoka kwenye uwanja hadi kwa anayeyapanga tanurini."

Akanitazama, akachukua daftari, akaandika.

Niliuliza kuhusu alama zake. Alisema ataipeleka hivyo hivyo, na ataandika kwamba ilifunikwa, kwa siku ngapi, na nani aliyeifunika. Nikasema aandike.

Jirani akatokea kwenye ua, akasita alipoliona gunia. Mdogo wangu akamkaribisha. "Kaa hapa. Leo kaka anaeleza."

Nikaeleza, kwa Kiswahili changu cha sokoni, uvundo, nuru inayobaki, matofali. Alikuwa anayajua yote, na hakunikatiza hata mara moja. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu, na hilo pia nikamwonea wivu.