Ruhusa ya Mazishi

Nassoro Shaibu hakuwahi kuchelewa kazini, na alipenda ulijue hilo. Kwa mwaka wa sita alikuwa msimamizi wa ghala moja la korosho jirani na bandari ya Mtwara, na orodha zake za zamu zilinyooka mpaka mwenye ghala mwenyewe akaziogopa. Gunia halikupotea mikononi mwake. Kasoro yake ilikuwa moja tu: akisema "haya jamani, kazini," wachukuzi walimaliza kwanza chai. Bi Mwanahawa, mshonaji wa magunia yaliyochanika, hakuwa na cheo, hata kiti hakuwa nacho. Lakini yeye akijifunga kanga kiunoni na kushika sindano, ghala zima liliinuka. Nassoro aliliona hilo, likamkera.

Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ya ruhusa ya mazishi ilitaja mume au mke, mtoto, baba na mama. Basi. Miaka miwili nyuma Bi Mwanahawa alifiwa na mama yake mkubwa, aliyemlea tangu ananyonya. Nassoro aliisoma fomu, akaandika "hahusiki", akamrudishia. Siku ile mama wa watu alishona magunia huku machozi yakimdondokea mikononi. Tangu hapo ndipo chai ikawa ndefu.

Sasa Jumatano moja ya Novemba, meli ikiwa inasubiri mzigo, simu ya Nassoro iliita saa mbili asubuhi. Ilitoka kijijini kwao, Kitaya. Bi Warda amefariki alfajiri, anazikwa baada ya alasiri. Bi Warda alikuwa mama yake mdogo. Mama mzazi alipokufa, Nassoro ana miaka minne, Bi Warda ndiye aliyembeba mgongoni kupita mashamba ya mihogo hadi nyumbani kwake, na toka siku hiyo Nassoro hakumwita jina jingine ila mama.

Akatoa fomu. Akaisoma mara tatu, utadhani neno lingeongezeka. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka kuhesabu magunia. Wenzake aliwanyima, yeye angejipaje? Huo ndio uungwana aliokuwa nao, maskini. Alifika gunia la arobaini, akasahau, akaanza tena moja.

"Bwana Nassoro, umefiwa?" Bi Mwanahawa alimuuliza, macho yake kwenye fomu iliyochungulia mfukoni.

"Mama mdogo, Kitaya. Hayumo kwenye fomu."

Bi Mwanahawa akachomeka sindano kwenye gunia, akasimama. Wachukuzi wakatua mizigo. Nassoro aliinamisha kichwa, maana alijua anachostahili kuambiwa.

"Dickson!" Bi Mwanahawa alimwita dereva wa fuso aliyemaliza kushusha korosho. "Si unarudi Kitaya?"

"Sasa hivi, mama."

"Mchukue huyu akamzike mama yake."

"Na meli?" Nassoro aliuliza.

"Tutapakia. Si umetupangia kila kitu mpaka zamu za wiki ijayo? Karatasi yako nzuri, mwanangu, iache hapa tuifuate. Mimi hukuniruhusu, najua. Machungu yake nayajua. Ndiyo maana nakwambia nenda."

Aliwahi. Aliingia kaburini yeye mwenyewe, akampokea mama yake kwa mikono miwili, akamlaza.

Baada ya siku tatu alirudi. Meli ilikuwa imeondoka na shehena yake kamili, na orodha ilikuwa mezani, kila mstari umewekewa alama. Hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye magunia, akachuchumaa mbele ya Bi Mwanahawa, wachukuzi wote wakitazama na vikombe vyao mkononi.

"Nimekuja kukupa pole ya mama mkubwa," alisema. "Nimechelewa miaka miwili."

Bi Mwanahawa aliuvuta uzi hadi mwisho, akaukata kwa meno.

"Aliitwa Somoe," alisema. "Hukuniuliza."