Nilimpeleka mama kwenye maonyesho ya nyumba ya Kiswahili hapa Tanga, akageuka mwenyeji

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu wote shikamooni.

Hii sio chai. Imenitokea mwenyewe, na waifu yupo hapa pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Tunaishi Kange. Mama yangu tuko naye mwaka wa pili sasa. Kabla ya hapo alikuwa Ngamiani, kwenye nyumba niliyozaliwa. Mzee alifariki, mirathi ikapita, nyumba ikauzwa, mama akaja kwangu.

Waifu anampenda mama kupita kiasi. Mama akishika ufagio ananyang'anywa. Akisogelea jiko anaambiwa, "Mama wewe pumzika." Mtu akigonga geti, waifu keshafika.

Ila mama alikuwa anazidi kunyamaza.

Na kuna kitu kilikuwa kinaniuma sana. Kila mchana wa joto anauliza, "Mwanangu, naweza kuwasha feni?" Feni ya kwa mwanawe! Waifu naye kilimtoa machozi, akaona labda mama hampendi. Mimi nikaanza kuogopa kwamba mama atamalizia uzee wake kwangu kama abiria anayesubiri basi.

Sasa vijana wa sanaa wakaweka maonyesho kwenye godauni la zamani la mkonge. Mimi nilijua ni picha za kutundika ukutani.

Kumbe wametengeneza nyumba nzima ya Kiswahili, unaingia ndani, na ukigusa kitu kinakujibu. Gusa kinu, unasikia watu wanatwanga. Fungua dirisha, zinapita kengele za baiskeli, na projekta inakuonyesha mtaa. Nikasema hapa ndipo pa kumpeleka mama, huenda akachangamka. Tukaenda wanne: mimi, waifu, mama na binti yetu Zuhura wa darasa la tano.

(Wale wa "weka picha", simu tuliziacha mlangoni. Tulieni.)

Tumefika, Zuhura keshazama ndani. Mama kasimama kwenye kizingiti. Akavua viatu, akaviweka pembeni, akaita.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa! Hodi wenyewe!"

Kimya. Mama akaokota viatu vyake. "Hawapo. Twendeni zetu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Binti wa mlangoni akamwambia, "Bibi, ingia tu, ni maonyesho."

"Nimebisha mara tatu sijaitikiwa, halafu niingie? Mie mwizi?"

Ikabidi waifu azungukie nyuma, aitikie kwa ndani, "Karibu mamaaa!" Hapo ndipo mama akaingia, na sisi tukavua viatu kwa aibu.

Humo ndani jamani, sijui niwaelezeje.

Kitanda cha kamba. Mkeka. Mtungi. Mbuzi ya nazi. Udi unanukia, na wameweka mwanga kama wa jua la saa kumi. Niliigusa ile mbuzi ikatoa sauti ya kukuna nazi, nikajikuta Ngamiani, mama anakuna huku anabishana na redio.

Mlango wetu ulikuwa haufungwi mchana kutwa. Jirani alikuwa mzee wa Kibena, Mlutheri, alikuja enzi hizo kukata mkonge akazeekea hapo hapo. Ramadhani mama anampelekea bakuli la futari. Bakuli lile halikuwahi kurudi tupu, na Krismasi linakuja kwetu limejaa maandazi. Mbebaji nilikuwa mimi, na nilikuwa nadokoa njiani, Mungu anisamehe.

Nimezikumbuka siku zile wakuu, nimezikumbuka sana. Huku Kange jirani yangu namjua kwa rangi ya gari lake.

Mama alikuwa anashika kimoja kimoja, polepole.

Mara nje, "Hodi!"

Ni familia nyingine, baba, mama na watoto, wametoka Korogwe. Wameona viatu vyetu mlangoni, nao wakavua vyao wakabisha.

Waifu kama kawaida yake akafungua mdomo. Mama akamuwahi.

"Karibuuu! Karibuni ndani! Piteni, piteni wanangu!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Ngamiani.

Wakaingia kwa adabu zote. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaeni mkekani. Za huko mtokako? Mvua mmepata?"

Yule baba akajibu kiasi, mahindi yanajikongoja. Mama akauliza kama wamekula. Wamekula. "Mmekula njiani, hicho si chakula." Halafu akamgeukia waifu: "Na wewe mbona umesimama kama uko ugenini? Watu wana kiu, lete maji!"

Ndani ya maonyesho, wakuu! Mtungi wenyewe wa mapambo!

Waifu akatoka mbio miguu mitupu mpaka dukani ng'ambo ya barabara, akarudi na chupa za maji. Mama akawagawia wageni wake mmoja mmoja. Nadhani yule baba mpaka leo anajua mama alikuwa sehemu ya maonyesho.

Tulipotoka, mama akakaa kwenye benchi, macho yamelowa. Nikamwambia, "Pole mama. Najua umeikumbuka nyumba yetu."

"Nyumba gani? Ile iliyokuwa ikivuja?" Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mie kwenu mwaka wa pili huu. Jembe langu liko wapi?"

Waifu ndiye aliyejibu, "Mama, mimi nilitaka upumzike."

"Nimepumzika mwanangu. Nimechoka kupumzika."

Waifu akaangua kilio, wakakumbatiana pale pale. Zuhura akaniuliza nani kafa.

Nilichojifunza: ukimfanya mzazi wako mgeni wa heshima, bado umemfanya mgeni. Tunawatunza kwa upendo mpaka tunawamaliza. Nyie mnaoishi na wazazi mnafanyaje? Semeni, nikosoeni pia, ila waifu msimguse, hana kosa.

Kabla sijawaachia uwanja. Juzi niko kazini, waifu akapiga simu ananong'ona.

"Baba Zuhura, mama kanigombeza."

Nikamuuliza, "Kisa?"

"Eti tui langu jepesi kama maji ya kunawa. Kaninyang'anya mwiko. Kasema, 'Hebu nitokee jikoni kwangu!'"

Waifu alikuwa anacheka. Mimi huku ofisini machozi yananitoka.