Rudibekia za Wifi Rahabu

Wifi yangu Rahabu alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi Efrazia ni mtu wa maneno mengi. Ndiyo maana tulipatana. Mimi nilisema, yeye akafanya kazi. Alikuwa ameolewa na kaka yangu Tobia, wakajenga ng'ambo ya korongo, hapa hapa Vuga. Mtu akiita kule asubuhi unamsikia vizuri, lakini kumfikia ni nusu saa ya kushuka na kupanda.

Kabla ya Uhuru alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya wamisionari. Siku wale wazungu walipofunga mizigo kuondoka, wenzake waliomba mablanketi na sufuria. Yeye akaomba mbegu. Akarudi nyumbani na makopo manne ya maziwa, kila kopo na aina yake ya rudibekia, ua lenye petali ndefu na moyo mweusi katikati. Tulimcheka sana. Nusu ya kijiji walishindwa kulitamka jina lenyewe, wakasema tu maua ya Rahabu.

Cheko liliisha yalipochanua. Za kwanza zilikuwa ndefu, njano, zikakufika kifuani, ila masika yakianza tu zinalala chini kama walevi. Nyingine zilikuwa na petali zilizorundikana, nzuri mno mezani, lakini zilibeba maji ya mvua mpaka shingo ikaoza. Zile fupi mimi sikuzijali. Zilikuwa njano kali na shina gumu, hata mbuzi akizikanyaga zinainuka. Nilizozipenda ni nyekundu, rangi ya udongo wetu ukilowa, na ukingo wa dhahabu. Tobia naye alizipenda hizo hizo. Alikuwa akichomeka moja kwenye kofia Jumapili na kwenda nayo kanisani, mzee wa kanisa mzima, bila haya.

Rahabu alipanda kila aina kona yake, mbali na nyingine. Mwaka mmoja alizichanganya kwenye tuta moja, nyuki wakafanya kazi yao, na mbegu za mwaka uliofuata zikatoa maua ya rangi ya chai iliyolala. Ilimchukua miaka mitatu ya kung'oa na kuchagua hadi nyekundu yake ikarudi.

Tobia alifariki mwaka 1972. Sisi Walutheri wa huku, ibada ya Pasaka huanzia makaburini, jua halijatoka, na kila ukoo huweka maua kwa watu wake. Maua yote yalitoka kwa Rahabu. Hakumnyima mtu, hata wale waliomcheka, nami nikiwa wa kwanza.

Ukaja mwaka 1974, njaa, na amri ya kilimo cha kufa na kupona. Kila kipande cha ardhi kiote chakula. Bwana shamba, kijana mpole aitwaye Bakari, alikuja akasimama katikati ya bustani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, hapa panatakiwa maharage. Amri si yangu."

"Na kingo za matuta?" Rahabu akamwuliza. "Nazo zitaota maharage?"

"Kingo ni za majani ya kushika udongo."

"Maua hayashiki udongo?"

Bakari alikuna kichwa. "Ukingo mmoja basi, mama. Ule wa juu tu."

Ukingo mmoja maana yake aina moja, la sivyo nyuki wangezichanganya. Nilikuwepo, nimeketi jiwe la mlangoni, na sikuwa na wasiwasi wowote. Zingekuwa nyekundu, nani angeuliza? Rahabu aliyapanga makopo manne chini, akayatazama kwa muda, akaokota kopo la zile fupi.

Damu ilinichemka. "Wifi, umemsahau kaka yangu?"

"Sijamsahau."

"Sasa hizo za nini?"

"Zinachanua nyingi. Zitawatosha watu wote."

Nikamwambia mengi ambayo sitayarudia hapa. Nilipoinuka kuondoka, niliona kopo la mbegu za nyekundu kwenye jiwe, kando ya kikapu changu. Nikalikwapua, nikalificha ndani ya khanga. Nilijiambia siibi, nachukua cha kaka yangu.

Nilizipanda kwangu, katikati ya mahindi. Balozi wa nyumba kumi alipoziona nikamwambia ni dawa ya kuku, akaenda zake. Kwa Rahabu sikukanyaga tena. Miezi sita nililisikia jembe lake ng'ambo ya korongo na sikumwita hata mara moja, nami nilikuwa mpweke kuliko nilivyotaka kukiri.

Asubuhi ya Pasaka kulikuwa na ukungu mwepesi. Nilibeba nyekundu zangu, mzigo mzima, nikiwaza namna watu watakavyoziona na namna Rahabu atakavyoona aibu. Kwenye kila kaburi, mpaka chini kabisa ya mteremko, zile fupi za njano zilikuwa zimewekwa. Kaburi la Tobia peke yake lilikuwa tupu.

Nikaweka maua yangu, nikarudi nyuma hatua tatu nitazame. Sikuona kitu. Katika ule mwanga mdogo nyekundu ilikuwa udongo juu ya udongo, mtu angedhani ni majani makavu. Makaburi ya wengine yalionekana yote hadi bondeni, na la kaka yangu halikuonekana. Nikaanza kulia.

Rahabu alitokea kwenye ukungu na fungu la njano mikononi.

"Umechelewa," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja mimi?"

"Kopo nililiweka karibu na kikapu chako. Mimi nilibaki na ukingo mmoja, na watu wote wanataka maua. Kwako kuna korongo katikati. Nilijua huko zitabaki nyekundu."

"Kwa nini hukuniambia, wifi?"

Alinitazama bila kukasirika. "Ungeniacha niseme?"

Alipiga magoti, nami nikapiga magoti kando yake, tukaanza kuzichomeka, nyekundu moja, njano moja, mpaka Tobia naye akaonekana.