Mbuzi wa Kusingizia

Mnicheke tu, nimeshazoea. Mimi, mtu niliyesoma sekondari mpaka nikajua mito yote ya Uingereza (haijanisaidia kitu hadi leo), niliaibika ukweni mbele ya wazee kwa sababu ya mbuzi niliyempeleka mwenyewe.

Mambo yalianzia tumboni. Wakati ule wa Mwingereza utumbo wangu ulijisokota, nikabebwa kwa machela hadi hospitali, na daktari akaniokoa kwa kukata kipande kilichooza na kuutoa mwisho wa utumbo nje, ubavuni kushoto, kitundu chekundu kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Tangu hapo haja kubwa ikawa inapita palepale, na kitundu hakiombi ruhusa wala hakisubiri mtu afike chooni. Nilipewa pamba, bandeji na pole. Mengine nilijifunza mwenyewe nyumbani Tlawi: vitambaa vya shuka kuukuu, kikopo cha bati juu yake, na mkanda wa mpira wa ndani wa baiskeli kushikilia vyote. Mama alivifua kwa majivu, na akiulizwa alisema ni vya kuchujia maziwa (sijui ni nani aliyekunywa tena maziwa ya kwetu).

Nikawa mtu wa ndani. Hata zamani sikuwa mtembezi, lakini sasa nilipata sababu: kwetu tunalala nyumba moja na ng'ombe, na penye ng'ombe sita hakuna anayeuliza harufu inatoka kwa nani. Miezi minane nilikaa hivyo nikiutazama ukuta, na siku nyingi nilitamani daktari angeniacha tu.

Tatizo lilikuwa Martina, mchumba wangu, ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimemtumia salamu kwamba nina malaria. Malaria ya miezi minane! Mwishowe kaka yake, Paskali, akaja akasimama mlangoni.

"Shemeji, kuna mtu wa Basotu ameleta posa kwa mzee. Martina anasema Jumapili uje useme mbele ya watu kama bado unamtaka. Usipokuja, basi."

Nikaamua kwenda, na hapo ndipo nikafanya jambo dogo tu: nikamfunga kamba beberu wetu, yule anayenuka hadi ng'ombe wanageuza pua, nikaongozana naye. Nimfunge karibu na kiti changu, kitakachosikika au kunuka kiwe chake. Nilijiona nina akili kweli! (Shule hiyo.)

"Shikamoo, baba," nikamwamkia Mzee Bura, baba yake Martina.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Na bado umetuletea mbuzi?" Kabla sijafungua mdomo akamgeukia Paskali. "Umeona mtu mwenye adabu? Yule wa Basotu alikuja mikono mitupu. Mpeleke huyu akachinjwe."

Ningesema nini? Samahani mzee, huyu si zawadi, ni wa kusingiziwa? Nikadai kuna ng'ombe anazaa nyumbani, ngoja nirudi, wazee wakanishika mabega wakanikalisha katikati yao. "Mleta mbuzi aondoke kabla ya nyama? Kaa!" Nikapewa kibuyu cha pombe, nikanywa nisije nikaonekana naringa, na pombe changa ya mtama ikaanza kufanya kazi yake.

"Haya, mwanangu," akasema Mzee Bura, Martina amesimama mlangoni, "Martina bado unamtaka?"

Nikavuta pumzi nijibu. Kitundu kikanitangulia, kwa sauti, tena ndefu, yenye vituo. Na kwa kuwa njia nzima nilikuwa nimejizoeza maneno yangu, nikageuka kwa hasira nikasema, "Aa, mbuzi huyu naye!"

Watu wote wakageuka. Mbuzi alikuwa ananing'inia mtini, hana kichwa, Paskali anamchuna.

"Shemeji," akasema Paskali, kisu mkononi, "huyu wa kwangu ametulia."

Walicheka wakashikana. Nami nikainama kucheka nao, mkanda ukateleza, kikopo kikabingirika hadi miguuni pa Mzee Bura, na shati langu jeupe likaeleza yaliyobaki. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akachukua kile kibuyu nilichonywea, akakiweka kando peke yake, polepole, kama mtu asiyetaka nione. Niliona. Mzee Bura akainuka, akaingia ndani.

Martina ndiye aliyenivuta nyuma ya nyumba na maji. Akakitazama kitundu bila kugeuza uso.

"Ndiyo malaria hii?"

"Ndiyo."

"Bibi nilimuuguza miaka miwili, namgeuza, namfuta. Ulidhani nitaogopa mavi?"

Nikaanza kujifuta mwenyewe, akaninyang'anya kitambaa.

"Kila Jumapili nachungulia bondeni. Watu wananicheka nimeachwa. Leo umefika, na bado umekuja kunidanganya."

"Martina, bado nakutaka."

Akanifunga kitambaa, vizuri kuliko ninavyofunga mimi, akamwaga maji machafu. "Nilikusubiri miezi minane," akasema. "Nimechoka." Aliolewa Basotu baada ya mavuno.

Nimeapa: mtu anayenisubiri sitamficha kitu tena, nitamwambia nilivyo nikiwa bado mlangoni, hata kabla ya shikamoo. Si kiapo kigumu. Tangu siku ile hakuna anayenisubiri.